Kiwele kisichosikia dawa: tupeane uzoefu

Mfugaji wa Meru: Wakuu, shikamooni na habari zenu. Nina ng'ombe wa maziwa, Frizian wa mzao wa tatu, alikuwa ananipa lita 18 kwa siku. Chuchu ya nyuma kushoto ikaanza kutoa mabonge kama mtindi uliokatika. Dukani wakasema ni ugonjwa wa kiwele (mastaitisi), nikauziwa tyubu tatu za dawa ya kuingiza kwenye chuchu. Ya pili tu, maziwa yakawa safi. Ya tatu nikaitunza (ubahili wangu huo). Wiki mbili, ugonjwa ukarudi. Nikamchoma sindano ya penstrep (antibiotiki yenye penisilini), ukatulia, ukarudi. Nikamchoma oksitetra, antibiotiki nyingine, safari hii haukutulia kabisa. Robo ile ya kiwele sasa ni ngumu kama jiwe. Nani kapitia haya?

Mama Ndama, Tanga: Pole mwanangu. Mimi nilichoma mpaka nikachoka, kila jirani na dawa yake. Mwisho nikapeleka maziwa maabara. Unafuta chuchu kwa pamba ya spiriti, unamwaga michirizi ya kwanza, unakamulia kwenye kichupa kilichochemshwa, unakiweka kwenye barafu. Kikaonekana kijidudu kiitwacho Staphylococcus aureus. Kijana wa maabara akanionyesha kisahani chenyewe walichooteshea vijidudu na kuweka vidonge vya dawa mbalimbali: vijidudu vimeota hadi kugusa kidonge cha penisilini, kama vile hakipo! Vidonge viwili tu ndivyo vilikuwa na duara tupu pembeni, yaani dawa hizo ndizo zilivizuia kuota.

Wa Kiambu: Wangu dawa zilimshinda, nikamuuza. Kumbe kijana wa kukamua alikuwa na kitambaa kimoja kwa ng'ombe sita. Ng'ombe wawili wengine walikuwa na ugonjwa huo bila dalili. Tulijua kwa ile dawa ya zambarau ya kupimia maziwa: ukichanganya, maziwa yakavutika kama kamasi. Sasa kila mmoja ana kitambaa chake, mgonjwa anakamuliwa mwisho, na chuchu zinachovywa ayodini.

Mfugaji wa Meru: Maziwa mlikuwa mnapeleka wapi? Mimi nampa ndama.

Daktari wa mifugo: Acha! Mabaki ya dawa yanavizoesha vijidudu vya tumboni mwake dawa hiyo, mwisho haiviui tena. Yamwage, na usiuze mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Kijidudu alichotaja mama hujificha ndani ya nyama ya kiwele, na baadhi ya aina zake hutoa kimeng'enya cha kuvunja penisilini. Ndiyo maana kiwele kinatulia tu, hakiponi. Usichome kitu tena kabla ya kipimo. Arusha kuna maabara ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo Tanzania. Na ile tyubu ya tatu usiitumie.

Mfugaji wa Meru: Daktari, ile nilishampa jirani, mbuzi wake alikuwa na chuchu imevimba.