Ping kwa namba inajibu, kwa jina haijibu

mpigapicha_migosi
Wadau, niko Migosi, Kisumu, kazi yangu ni picha za harusi. Zote nazihifadhi kwenye desktopu ya Debian (aina ya Linux) inayoitwa ghala, na mke wangu huzivuta kwa WinSCP, programu ya kuhamisha mafaili, kutoka laptopu ya Windows 10. Akiweka 192.168.1.14 inaingia mara moja, na ping (amri ya kujaribu kama mashine inajibu) inajibu. Akiweka ghala, jina halijulikani. Tungeishi na namba, lakini stima ikikatika rauta inagawa upya: 14 inageuka 17, nami niko kanisani na kamera shingoni napigiwa simu, "leo ni ngapi?" Fayawali (kinga ya mtandao) nimeizima kote, wapi!

nyaya_tupu
Fungua C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts kwa laptopu, andika namba kisha jina. Kwisha.

mama_saiba_nakuru
Kwisha mpaka stima ikatike tena. Namba ya kwenye faili hilo haijibadilishi. Boss, andika nslookup ghala kwenye laptopu, ni amri ya kuuliza jina lina namba gani, utuambie anayejibu ni nani.

mpigapicha_migosi
Server: dns.google, Address: 8.8.8.8, halafu Non-existent domain. Fundi aliyetuwekea Windows ndiye aliyejaza hiyo, eti intaneti itakimbia.

mama_saiba_nakuru
Ndiyo hiyo. Unamuuliza mtu wa Marekani kama anamjua mtoto wa jirani yako Migosi. Rudisha DNS, yaani anayegeuza majina kuwa namba, iwe ya kupewa na rauta. Rauta nyingine huyashika majina ya mashine zinazoomba namba, nyingine hazijisumbui. Yako ikiwa ya aina hiyo ya pili, ingia uifungie ghala namba moja kwa anwani yake ya MAC (namba ya kadi yake ya mtandao).

mpigapicha_migosi
Sasa anayejibu ni 192.168.1.1 lakini jina bado. Na kuingia kwa rauta siwezi, waliotuletea intaneti walikaa na nywila.

mama_saiba_nakuru
Hiyo tabia huniudhi kweli. Kulipa ulipe wewe kila mwezi, kuingia uombe ruhusa! Haya, achana na rauta. Kwa ghala: sudo apt install avahi-daemon, programu ya kuifanya mashine ijibu jina lake yenyewe. Kisha mama watoto aandike ghala.local, na hiyo .local asiiache. Hapo laptopu haiendi kwa DNS yoyote. Inauliza mashine zote za nyumbani kupitia mlango wa mtandao UDP 5353, na ghala inajibu yenyewe kwa namba iliyo nayo wakati huo. Fayawali iwashe, ila 5353 iache wazi.

mpigapicha_migosi
Imeingia! Ila ping inarudisha kitu kirefu kinachoanza na fe80. Na kijana anayenisaidia kuhariri, yuko nyumba ya nyuma, bado haipati.

mama_saiba_nakuru
fe80 ni namba ya IPv6 (aina mpya ya namba za mtandao) ya humo humo ndani, haina neno. Ukitaka ile ya kawaida, ping -4 ghala.local. Huyo kijana ana rauta yake?

mpigapicha_migosi
Eeh, ndogo, kebo inatoka kwa hii kubwa.

mama_saiba_nakuru
Basi ndiyo sababu, swali la .local halivuki rauta. Kwenye hiyo rauta ndogo, zima DHCP (kazi ya kugawa namba) kwanza, na kama nayo inatumia 192.168.1.1 ipe namba nyingine isiyotumika. Halafu kebo itoke tundu la WAN (la intaneti) iingie LAN (la mashine za ndani), nyumba zote mbili ziwe mtandao mmoja.