MREJESHO: Noeli ya familia na feza kidogo (Bukavu)

Bandugu aksanti sana, mulinisaidia kweli. Kwa wenye habakusoma, niliuliza tufanye nini ili Noeli ya batoto isibakie tu nguo mupya na kula, na feza iko kidogo.

Kati ya mashauri mulinipa, nilifwata ile ya buji (mishumaa), yani yenga (wiki) ine za Avent, mbele ya Noeli, kila yenga buji moja inaongezeka mupaka zote ine ziwake, mutoto mudogo anawasha, mukubwa anasoma Biblia, kisha kila mutu anasema kitu anashukuru Mungu. Ilishika sana! Hata umeme ikikatika batoto banafurahi juu buji inaonekana muzuri, na baba yabo mwenye hasemaka mingi alianza kuongea Noeli za utoto wake kule Idjwi, kisiwa ya Ziwa Kivu, sikukuwa nazisikia hata siku moja.

Kupelekea jirani sahani mbele sisi tukule nayo ilienda, sombe na sambaza, mama muzee wa nyumba ya chini alilia.

Kado (zawadi) za kutengeneza na mikono zilikatala, bakubwa habakutaka, niliacha. Na kuimba pamoja tarehe 24 usiku haikuwezekana, ba korale bote balikuwa parokia. Tumeisogeza 6 Januari, kwa Epifania (sikukuu ya bamajusi kufika kwa Yesu), nazani hapo njo fasi yake.