VLAN nyumbani: ruta ya MikroTik au swichi ndogo?

Mwenye_Uani: Habari zenu, wakuu. Jumamosi ninakwenda Kariakoo kununua kifaa cha kutenganisha poti za mtandao wa nyumbani kwa VLAN, yaani kugawa mtandao mmoja kuwa mitandao kadhaa isiyoonana, ili kompyuta zangu zisionane na kamera wala vifaa vya mpangaji wa uani. Nimebaki kati ya ruta ya MikroTik hEX yenye poti 5 na swichi ya TP-Link TL-SG108E yenye poti 8. Nichukue ipi?

Waya_Mwekundu: Ndugu, mbona umeacha yaliyo muhimu? Ruta uliyopewa na mtoa huduma inafahamu 802.1Q, yaani kanuni ya kuitia data alama ya VLAN yake? Nyaya ngapi zinakwenda uani? Swichi hiyo hutenganisha tu. Kugawa anwani za IP kwa kila VLAN na kuamua nani amfikie nani ni kazi ya ruta. Chukua hEX.

Mzee_wa_Swichi: Mnamtia gharama bure. TL-SG108E ina MTU VLAN, na herufi hizo hapo zinahusu jengo lenye wapangaji wengi: kila poti huzungumza na poti moja tu, ile inayokwenda kwenye ruta.

Waya_Mwekundu: Na mashine ya kurekodi itazionaje kamera zilizo kwenye poti nyingine, mzee wangu?

Binti_Bridge: Mimi hEX ilinikesha. Saa nne usiku niliwasha vlan-filtering (kinachoifanya ruta ifuate mipaka ya VLAN) kabla sijaiingiza bridge yenyewe (daraja linalounganisha poti ndani ya ruta) kwenye VLAN ya usimamizi, na papo hapo Winbox, programu ya kuisimamia MikroTik, ikakatika. Nikajaribu kuingia kwa anwani ya MAC, ile ya kifaa chenyewe isiyohitaji IP, nikagonga mwamba, maana poti zote tano nilikuwa nimezitia ndani ya bridge. Mwisho nilibonyeza reset kwa kijiti cha kiberiti, nikaanza upya huku watoto wakiuliza intaneti imekwenda wapi. Kosa lilikuwa langu. Siku hizi poti ya tano naiacha nje ya bridge, na sigusi kitu kabla ya kuwasha Safe Mode, inayorudisha mabadiliko nyuma nikikatika.

Mzee_wa_Swichi: Kijiti huvunjikia ndani. Tumia pini.

Waya_Mwekundu: Tena usisahau sheria za faiawoli, kwa kuwa MikroTik hupitisha data kati ya VLAN zake mpaka uikataze.

Mwenye_Uani: Nashukuru. Waya wa uani ni mmoja, na umepita bomba moja na wa umeme.

Binti_Bridge: Bomba moja na umeme? Nani alikufungia?