Transfoma kando ya ghala la mkonge: mafuta ya kawaida au esta ya mimea, yapi yanapoza vizuri?

KoiliMbili
Wakuu, habari za jioni. Kiwandani kwetu huku Tanga tunabadilisha transfoma ya 1,000 kVA, 11/0.4 kV (yaani inashusha umeme kutoka volti 11,000 hadi 400). Inakaa hatua chache kutoka ghala la mkonge mkavu, ndiyo maana watu wa bima wanataka mafuta yasiyoshika moto upesi. Muuzaji ametuletea bei mbili za mafuta ya kujaza ndani yake: ya kawaida, yatokanayo na mafuta ghafi, na esta ya mimea, yatokanayo na mbegu za mimea. Meneja anasema ya mimea ni mazito, yataunguza koili. Transfoma yenyewe haina pampu wala feni. Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa.

Fundi Mapezi
Meneja hajakosea. Kwa nyuzi 40 mafuta ya kawaida yana mnato wa sentistoksi kama 10 (kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mafuta yalivyo mazito), esta ya mimea kama 35. Bila pampu, mafuta yanapata moto kwenye koili, yanapanda, yanapoa kwenye mapezi (bati za kupozea zilizo nje ya tangi) na kurudi chini. Mazito yanazunguka polepole, koili inabaki na joto lake. Kwa kupoza tu, mimi nachukua ya kawaida.

Bi Joto
Fundi, koili iliyobeba mzigo haikai nyuzi 40. Ikikaribia 100, esta inashuka hadi sentistoksi kama 8, yaani nyepesi kuliko mafuta ya kawaida yakiwa nyuzi 40. Tena inapitisha joto vizuri zaidi, takriban 0.17 W/mK dhidi ya 0.13. Kiwanda kinachojua kazi yake kinapanua njia za mafuta ndani ya koili na kuongeza mapezi, na tofauti inayobaki ni ya nyuzi chache.

Halafu tazameni karatasi inayozungushiwa waya za koili kuzuia umeme usivuje, maana ndiyo inayokufa. Kwenye mafuta ya kawaida, joto la koili likizidi nyuzi 98, kila nyuzi 6 za ziada zinakata nusu ya umri wa karatasi ya kawaida. Esta inanyonya maji mengi: kwa joto la chumbani inabeba kama 1,000 ppm (sehemu kwa milioni), ya kawaida haifiki 100. Unyevu unatoka kwenye karatasi, karatasi inachelewa kuchoka. Na kuhusu ghala lako, ya kawaida huendelea kuwaka kuanzia nyuzi kama 170, esta inavuka 300. Mkonge ule ungekuwa wangu nisingelala.

Fundi Mapezi
Hoja ya karatasi naikubali, dada. Ila KoiliMbili, wasikujazie esta kwenye tangi la zamani wakakwambia ni sawa. Njia zake zilipigiwa hesabu ya mafuta mepesi. Na esta haitaki hewa. Niliwahi kuitwa kwenye transfoma iliyojazwa hivyo huku tangi lake linapumua nje. Tone lililovuja kwenye gasketi lilikuwa limekauka kama vanishi, kucha haikulibandua. Tangi liwe limefungwa kabisa.

Baharia 33kV
Niko Mombasa. Kuna mtu atakuja kukushauri mafuta ya silikoni. Haishiki moto upesi, kweli, lakini hata kwa nyuzi 100 bado ina sentistoksi kama 16, mara mbili ya esta. Kwa transfoma isiyo na pampu mimi siipendi.

Jambo jingine ni wezi wa mafuta, huku tunawajua. Usawa ukishuka chini ya tundu la juu la mapezi, mzunguko unakatika, na hapo hata mafuta bora duniani hayapozi kitu. Weka kufuli kwenye vali ya kumwagia, na kipimo cha usawa kiwe na kengele.

KoiliMbili
Ahsanteni sana. Leo nimemwomba muuzaji ripoti ya jaribio la kupanda kwa joto. Aliyoleta ni ya transfoma ya muundo huohuo, lakini ilipimwa ikiwa na mafuta ya kawaida! Nimemrudisha akalete iliyopimwa na esta, mzigo kamili. Meneja amekubali kusogeza Ijumaa.