Nimerithi Landrover 109 ya marehemu mzee, niiache ilivyo au niifumue?

Mkinga wa Dom
Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri hasa nyie mnaozijua hizi Landrover za zamani. Mzee wetu alitutoka mwaka juzi, kaacha nyumba, shamba la viazi na Landrover 109 Series III ya petroli, hadi topu yaani yenye paa gumu, milango miwili mbele na mmoja nyuma, mabenchi ya pembeni. Mzee alikuwa bwana shamba huko Makete, gari aliinunua kwenye mnada wa serikali akaitumia mpaka miguu ilipokataa kukanyaga klachi. Imebeba viazi, mbolea, mbao, maharusi, wagonjwa wa kukimbizwa hospitali ya Ikonda usiku wa manane, majeneza, yaani pale kijijini kila mtu ana stori yake na hiyo gari.

Kikao cha familia kikaamua niichukue mimi maana kaka mkubwa kachukua shamba na dada zetu walisema chuma hicho hata bure hawakitaki. Sasa mimi niko Dodoma, nina hela kidogo nimedunduliza, na akili inanituma niifanyie kitu cha maana: nitoe injini ya petroli inayokunywa wese kama haina mwenyewe, nifunge injini ya dizeli ya 3L ya Hilux, matairi mapana, pawa stelingi, paa la nyuma likatwe iwe pikapu, rangi nyeusi isiyong'aa. Fundi mmoja hapa mjini kaniambia wiki tatu tu kazi imeisha. Kaka kasema nikiikata nisimpigie simu tena. Bi mkubwa yeye hana neno, anachotaka ni itoke bandani afugie kuku.

Haijawashwa tangu mzee aanze kuumwa. Bodi naiona nzima, chini sijakagua. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Dalali Mstaafu
Uza mkuu. Arusha huko wanazitafuta kwa tochi, tangu lile tamasha la Landrover la Oktoba 2024 kila mwenye kambi anataka moja ipaki getini wazungu wapigie picha. Uza, vuta IST, chenji kula bata.

Mkinga wa Dom
@Dalali hiyo haipo, nikiuza siwezi kukanyaga Makete tena hahaha

Spana Namba 14
Pole na msiba kijana. Hizi gari nimezifungua tangu nikiwa spana boi, sasa hivi ndevu nyeupe, ngoja nikueleze taratibu.

Hiyo ya kuona bodi nzima isikudanganye. Bodi ya Landrover ni alumini, haili kutu kama bati, kinachooza ni chesisi ambayo ni chuma. Kabla hujaongea habari ya injini lala chini ya gari na nyundo ndogo na bisibisi kubwa, gonga chesisi yote, hasa kule mwisho nyuma na pale springi zinapojishikiza, penye uzima nyundo inaruka na mlio unatoka mkali, palipooza mlio unakufa na bisibisi inazama. Alafu njoo kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na dereva, nao ni chuma, pale unapoweka miguu ndo panaanza kwanza, nyanyua mikeka uone. Na popote alumini imekutana na chuma ukiona unga mweupe mweupe kwenye boliti ujue wanakulana. Hela yako itaanzia hapo, siyo kwenye rangi.

Sasa hiyo 3L. Haikai kwenye giaboksi ya Landrover mpaka uchonge pleti ya kuunganisha, na pleti ikienda pembeni hata unywele shafti haikai katikati, klachi inatetemeka na beringi zinakufa. Ndo maana wengi wanaishia kutoa na giaboksi, wakitoa giaboksi transfa kesi (inayogawa nguvu mbele na nyuma) nayo inaondoka, propela zinakatwa, vishikizo vya injini kwenye chesisi vinakatwa vinachomelewa vingine, mwisho unabaki na Hilux iliyovaa koti la Landrover. Huyo wa wiki tatu muulize atakata wapi na wapi, akuchoree kabisa. Akishindwa kuchora ondoka.

Na paa jamani, nani kakwambia paa la Landrover linakatwa? Limefungwa kwa boliti! Unafungua, mnalinyanyua watu wanne, unafunga kebini fupi ya pikapu, paa na zile mbavu za pembeni unaweka stoo. Siku ukichoka na pikapu unarudisha. Grinda isikaribie hiyo gari.

Mama Viazi
Samahani fundi, shikamoo, naheshimu uzoefu wako ila mimi nitampa upande wa pili maana humu kila mtu akisikia gari ya zamani anageuka mlinzi wa makumbusho. Mimi natumia 109 kazini, nashusha viazi kutoka mashambani mpaka barabara kuu, ingekuwa na injini yake ya petroli ya lita 2.25 ningeshafunga biashara. Ile injini ni imara sawa, lakini nguvu farasi sabini hivi, na kwenye mlima na mzigo geji ya mafuta unaiona kabisa inavyoshuka. Nimefunga 200Tdi, dizeli ya Landrover wenyewe, iliyotoka kwenye Discovery iliyopata ajali, sasa hivi inapanda bila maneno. Gari ya kazi ikiacha kufanya kazi inakufa haraka kuliko ikifanya kazi, hiyo yako kukaa bandani ndo imeumizwa zaidi kuliko miaka yote ya kubeba mbolea.

Kingine, hiyo orijino mnayotaka kuilinda ni ipi? Mzee wa kijijini kaendesha gari ya mnada miaka yote hiyo mbali na duka la spea, unadhani humo kuna kitu bado kiko kama kilivyotoka kiwandani? Mwambie kaka afungue boneti apige picha tuone.

Spana Namba 14
Marahaba Mama Viazi. Hapo kwa 200Tdi sikupingi, ile ni ya ukoo uleule na giaboksi inaikubali kwa marekebisho madogo, 300Tdi ndo inataka kazi zaidi kidogo. Ila umwambie na hili, uwiano wa difu za 109 ni 4.7, gari ilipigiwa hesabu za kuvuta siyo kukimbia, akiitoa Dodoma kwenda Dar kwa spidi ya IST hiyo Tdi italia njia nzima. Na ukiongeza nguvu bila kugusa breki unatafuta kesi.

Mkinga wa Dom
Kaka katuma picha (kwa manung'uniko). Mama Viazi we mchawi. Kabureta siyo Zenith yake, imeandikwa Weber. Siti ya dereva ni ya Coaster, nakumbuka kabisa alivyoibadilisha maana mgongo ulikuwa unamsumbua. Swichi ya taa hatujui ni ya nini, kaka anadhani ya trekta. Kwenye dashibodi kuna kijiubao cha mbao kapigilia misumari ya kutundikia funguo na miwani, na pembeni kaandika kwa kalamu ya rangi tarehe za kubadilisha oili, mstari chini ya mstari, mpaka nafasi ikaisha akahamia kwenye mlango. Sasa nikirudisha kila kitu kiwandani nitafuta na hayo?

Mama Viazi
Hayo usiguse. Hata ukipaka rangi funika na gazeti.

Dalali Mstaafu
Aisee hapo kwenye tarehe za oili hata mimi sasa naghairi, usiuze

Wakili wa Kijiweni
Mnaongea spana tu, hamjamuuliza kadi ya gari iko jina la nani. Mkuu kikao cha familia peke yake hakikupi umiliki. Kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Kama yupo ndiye anayetakiwa kuhamisha hiyo gari TRA kuja jina lako kwa zile karatasi za mahakama, kama hayupo anzeni huko Mahakama ya Mwanzo kabla hujatoa hata nati moja. Leo dada wanasema hawaitaki, ikishang'aa na mashemeji wakaiona utasikia mengine.

Alafu linganisha namba ya chesisi na kadi. Gari za mnada unakuta zina historia ndefu.

Na ukibadili injini, kadi inabeba namba ya injini ya zamani, kafanye mabadiliko pamoja na ukaguzi wa polisi, na bima nao waambie, ikitokea ajali ndo wanaanza kusoma namba mojamoja.

Spana Namba 14
Safi sana wakili. Namba ya chesisi kijana usiishie kuisoma kwenye kile kibati, kibati kinahamishika. Nenda mbele kulia, ile pembe ya chesisi inayoshika springi ya mbele, safisha kwa brashi ya waya taratibu na mafuta ya taa, imegongwa kwenye chuma chenyewe. Ukishaipata, kuna British Motor Museum pale Gaydon Uingereza wanatoa cheti kwa malipo kinachoonyesha gari ilitengenezwa lini, ilikuwa rangi gani na ilipelekwa wapi.

Pijo ya Likoni
Mie niko Mombasa, naingilia kidogo. Babu alituwachia Peugeot 504 stesheni wagon, hizi zilikuwa zaunganishwa papa hapa Mombasa, kwa hiyo spea zilikuwa tele ila sasa hivi ni kutafuta. Sisi tulikataa kubadilisha injini, tukaanza na vitu vya kuzuia mtu kufa: hosi za breki mpya, mishipi ya usalama nyuma, taa zinazoonesha. Gari ikawa yaendeka na hamu ya kuibadilisha ikapungua yenyewe. Iwashe kwanza uiendeshe bwana, utajua inataka nini.

Mkinga wa Dom
Asanteni sana wakuu, kwa kweli mmenifungua. Ipo hivi, msimamizi ni kaka na karatasi za mahakama tunazo ila TRA hatujaenda, hilo ndo litakuwa la kwanza. 3L nimeiua. Paa linabaki juu kwanza. 200Tdi naiweka pembeni mpaka nijue kama nitaitumia kwa safari za mbali au za nyumbani tu, maana kama ni mara moja moja hata hiyo petroli naweza kuivumilia. Rangi nyeusi... mke naye kaikataa haha.

Naenda Makete mwisho wa mwezi. Fundi, nikifika niiwasheje bila kuharibu? Na breki nakumbuka mzee alikuwa anakanyaga mara mbili ndo zinashika, hapo si inabidi nifunge za diski?

Spana Namba 14
Usikimbilie diski. Kukanyaga mara mbili maana yake brekishuu ziko mbali na dramu. Nyuma ya kila gurudumu kuna kichwa cha boliti cha kurekebishia, na kwa 109 mbele ziko mbili kila upande, wengi wanazungusha moja wanasahau ya pili. Nyanyua gurudumu, zungusha mpaka likabe, rudisha kidogo mpaka lizunguke huru. Ila kwa gari iliyokaa hivyo kwanza ufungue dramu uangalie silinda ndogo za breki kama zinavuja, badilisha oili ya breki yote na hosi zote za mpira, pigeni tena breki mpaka upepo uishe. Bila hapo usiitoe hata getini.

Kuwasha: mwaga petroli ya zamani yote, imeshakuwa gundi, safisha tenki na kabureta. Toa plagi nne, weka oili kidogo kila silinda, iache usiku. Badilisha oili ya injini na maji ya rejeta. Asubuhi usiguse swichi, chukua hendeli, ingiza kwenye lile tundu la bampa la mbele, gia iwe fri, zungusha kwa mkono plagi zikiwa nje. Ikizunguka laini rudisha plagi, weka betri nzima, jaribu. Ikigoma kuzunguka usiilazimishe, ongeza oili uiache tena hata siku mbili.

Mkinga wa Dom
Hendeli ipo, kaka anaitumia kupondea mawe ya chumvi ya ng'ombe 😂

Mama Viazi
Mnyang'anye leo hii. Alafu siku ya kuwasha kwa hendeli plagi zikiwa ndani, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usikumbatie chuma. Injini ikirudisha teke utavunjika gumba, nina shemeji ni shahidi.