Mizigo minne, kioo kimoja: madirisha mwayapangaje?

Karani wa Kilindini:
Asalaam alaykum nduzangu. Mimi ni karani kwenye ofisi ya klearingi, yaani ya kutoa mizigo bandarini, hapa Moi Avenue, Mombasa. Natumia laptopu ya inchi 14, Windows 10, RAM ya GB 8. Mzigo mmoja tu wataka mfumo wa forodha kwenye Chrome, PDF ya hati ya meli, Excel ya kupigia hesabu za ushuru, na barua pepe za mteja. Meli zikishusha, huwa na mizigo mitatu minne kwa pamoja, na juu yake WhatsApp ya madereva. Nikibonyeza Alt na Tab ili nihamie dirisha jengine, PDF zote zafanana.

Kinachonitia hofu ni namba za kontena. Herufi nne, tarakimu saba. Tarakimu ya mwisho yakagua kama umekosea kuandika, lakini haikusaidii ukiwa umenakili namba sahihi ya mzigo wa mtu mwengine. Kontena likikwama bandarini kwa sababu hiyo, anayeumia ni mteja, na wengi wao ni wafanyabiashara wadogo. Skrini ya pili ofisini hakuna. Nyinyi mwafanyaje?

Fundi wa Bondeni:
Waalaykum salaam. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Ctrl na D. Utafunguliwa desktopu mpya, tupu, yaani uwanja mwengine wa madirisha kwenye kioo hicho hicho. Kuhama kutoka moja hadi nyengine ni Windows, Ctrl na mshale wa kulia au kushoto.

Lakini sikiliza hapa, maana ndipo watu wengi huharibu. Usifanye desktopu ya Chrome, desktopu ya Excel, desktopu ya PDF. Fanya desktopu moja kwa kila mzigo, na humo uweke kila kitu cha mzigo huo na kisicho chake kisiingie. Bonyeza Windows na Tab, kisha ubofye jina juu ya kila desktopu uandike jina la mteja na tarakimu za mwisho za kontena. Alt na Tab kwa kawaida huonyesha madirisha ya desktopu uliyopo peke yake, kwa hivyo PDF ya mteja mwengine haitakujia mkononi.

Kichupo cha Chrome kivute nje kiwe dirisha lake, kwa sababu dirisha moja haliwezi kugawanywa kwenye desktopu mbili. WhatsApp ndiyo pekee ningeiacha ionekane kote: kwenye Windows na Tab, bofya dirisha lake kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague lionekane kwenye desktopu zote.

Ndani ya kila desktopu, Windows na mshale wa kushoto hubana PDF nusu ya kioo, Excel ikakaa nusu ya pili. Robo robo kwa inchi 14 utaumiza macho bure.

Mama Mhasibu, Nyali:
Naongezea tu: desktopu nyingi hazipunguzi mzigo wa RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta ya kuendeshea programu. Programu iliyofichika bado inakula. Kazi ya mteja ikimalizika, funga madirisha yake kabisa. Tena ukizima kompyuta ukaiwasha, majina ya desktopu hubaki lakini madirisha hayarudi mahali pake, kwa hivyo kila mteja awe na folda yake.

Mwanafunzi, Tudor:
Sisi wa Ubuntu, mfumo mwengine badala ya Windows, twahama desktopu kwa kitufe cha Super (ndicho hicho cha Windows) na Page Down au Page Up. Ukiongeza Shift, dirisha lenyewe lahama nawe. Wazo hili si geni: watafiti wa Xerox PARC, maabara ya kompyuta kule California, walilielezea mwaka 1986 kwa mfumo waliouita Rooms, na sababu yao ilikuwa hiyo hiyo, kioo kidogo na kazi nyingi.

Karani wa Kilindini:
Shukran sana. Nimeshafungua tatu na kuzipa majina. Dirisha likiwa limeshafunguka desktopu isiyo yake, nalihamishaje bila kulifunga?

Fundi wa Bondeni:
Windows na Tab, kisha livute kwa mausi ulidondoshe juu ya desktopu unayoitaka. Windows haina njia ya mkato ya kibodi kwa hilo.