Nyumba ya Mkomani

Mazungumzo ya familia yetu kuhusu kutengeneza nyumba ya zamani ya mawe, mtaa wa Mkomani, Lamu.

Dada Mombasa: Assalamu alaykum nyote. Picha za ndani ya nyumba nimeziona. Lipu imebambuka mpaka matumbawe yako wazi. Fundi anasema tupige simiti ukuta mzima, Maulidi yakifika nyumba iko tayari kwa wageni.

Mimi: Waalaykum salaam dada. Simiti hapana, tafadhali. Matumbawe yana vitundu, yanafyonza maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Chokaa huuacha unyevu utoke polepole, simiti inauziba. Maji yakikosa pa kutokea yanapanda, chumvi inabaki ndani ya jiwe, na ikikauka inalimung'unya kidogo kidogo. Yakifika kwenye vichwa vya boriti, ndio dari inaoza.

Mdogo wangu Malindi: Si ni chokaa hiyohiyo iliyobambuka?

Ami: Hapana, mwanangu. Tazama picha ya pili vizuri. Palipobambuka ni tini (chini), kimo cha goti, na pana rangi ya kijivu. Kile ni kiraka cha simiti kilichopigwa wakati wa kuingiza mabomba. Sasa tazama yuu (juu) kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Ile ndiyo chokaa ya wazee, na nakshi yake imekaa.

Shangazi: Na zidaka zisiguswe na mtu! Marehemu mama alikuwa akizipangusa kwa kitambaa kikavu, halafu anarudisha sahani za kichina moja moja mahali pake. Maji hakutia hata siku moja.

Dada Mombasa: Zidaka hatugusi, Shangazi. Lakini nina ombi jingine. Vyumba ni vyembamba mno. Tungevunja ukuta kati ya msana wa yuu na kile chumba kiitwacho ndani tupate sebule moja kubwa, wageni wakae kwa nafasi.

Mimi: Dada, vyumba ni vyembamba kwa sababu ya boriti. Mti wa mkoko mnene ulionyooka hauzidi sana mita 2.5, mita 3 kwa shida. Upana wa chumba ni urefu wa boriti ukitoa vichwa vilivyoingia ukutani. Ndiyo maana nyumba zote za mawe hapa zina vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: daka (baraza ya mlangoni), tekani (ukumbi wa kuingilia), kiwanda (ua wa ndani), kisha misana miwili (kumbi ndefu), ndani (chumba cha faragha), na nyumba kati (chumba cha nyuma). Ukuta unaotaka kuuvunja umebeba boriti za pande zote mbili, na juu ya boriti kuna sakafu nzima ya mawe na chokaa. Ukiutoa, hakuna kitakachobaki juu.

Mdogo wangu Malindi: Hilo naliunga mkono. Nendeni Gedi, kwenye magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, mkaone. Vyumba ni vilevile, vyembamba, mawe yaleyale. Watu walihama karne ya 17, boriti zikaoza, mapaa yakaanguka, msitu ukaingia. Mwanaakiolojia Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948 alizikuta kuta, na mpaka leo nyingi zimesimama. Nimepeleka wanangu wakapima chumba kwa hatua, wakaniambia ni kama kwa nyanya Lamu.

Ami: Hata ukitaka kuvunja, Mkomani huvunji bila idhini. Watu wa Makumbusho lazima waje waone. Mji umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001.

Shangazi: Mimi nasema la UNESCO baadaye. Ndani na nyumba kati ni mahali petu wanawake. Nyumba kati ndipo tulipomwosha mama. Wageni watakaa daka na sabule (chumba cha wageni) kama walivyokaa siku zote. Mnataka mgeni aingie mlangoni mara moja aone hadi nyuma? Waliojenga walipinda mlango wa tekani makusudi, mtu asimame pale asione kiwanda.

Dada Mombasa: Samahani, Shangazi. Ukuta basi tuuache. Nilikuwa nafikiria harusi ya binti yangu.

Shangazi: Harusi ndiyo hasa! Nyumba hii mama alipewa na babake alipoolewa. Binti hakuondoka kwao, mume ndiye aliyekuja. Na ile wikio, daraja la juu ya njia, ilijengwa ili dada yake aliyepewa nyumba ya pili waonane bila kushuka mtaani. Mjukuu aolewe humohumo ndani, mbele ya zidaka.

Dada Mombasa: In shaa Allah. Sasa chokaa tunapata wapi, na itachukua muda gani?

Ami: Ipo inayochomwa bado. Matumbawe yanapangwa juu ya rundo la magogo, yanachomwa, kisha yanazimwa kwa maji. Usikubali iliyozimwa jana. Iachwe ilale wiki kadhaa, maana punje mbichi zikiingia ukutani hufura baadaye na kuitoboa lipu. Mzee mmoja wa mtaa wa Langoni anaijua kazi hii, nitamwona baada ya Alasiri.

Mimi: Mimi napendekeza hivi. Tuchokoe simiti yote ya chini kwa mkono, bila mashine, kisha ukuta uachwe wazi upumue. Chumvi itakayotoka ipigwe brashi kavu. Baadaye ndio chokaa, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikinyunyiziwa maji isikauke ghafla. Kwa Maulidi haitakuwa imekwisha.

Mdogo wangu Malindi: Wageni wa Maulidi wanajua nyumba ya mawe ilivyo. Mimi natoa magogo na usafiri wa mchanga.

Shangazi: Mchanga usiwe wa pwani, una chumvi.

Ami: Na birika, lile tangi la maji la kujengwa, nalo litazamwe, limeanza kuvuja upande wa choo. Wale samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu watolewe kwanza, wawekwe kwenye ndoo.

Dada Mombasa: Sawa. Fundi wa simiti nampigia sasa hivi nimwambie asije Jumamosi.